Vua Nikuone Uso

Jumamosi, 5 Aprili

Shule zilifungwa jana. Leo Absalom ameingia na baiskeli begani, nyekundu, usukani bado umefungwa nailoni, na Judy akapiga ukelele uliowatoa majirani nje. Sijapata kumwona akifurahi hivi tangu niolewe katika nyumba hii, na mwaka wa pili huu unakwenda. Ana miaka tisa. Mamake alifariki yeye akiwa na minne, akalelewa na shangazi yake Carolyne kule Kiembeni mpaka mimi nilipokuja.

Nikauliza, "Na helmeti yake?"

Absalom akacheka. "Kafedha, hiyo ni baiskeli, si pikipiki."

"Kichwa ni kilekile."

"Sisi tumekulia hapa Chaani tukiendesha baiskeli. Nani alikuwa na helmeti?"

Sikutaka kubishana naye mbele ya mtoto, ndiyo maana ninayaandika. Mume wangu huendesha mtambo wa kunyanyua makontena kule Kipevu. Kila siku ya kazi hutoka na helmeti yake ya njano kwapani, kwa kuwa bila hiyo askari wa getini hampitishi. Kichwa chake kina mwajiri wa kukiogopea. Cha mwanawe kimeachiwa Mungu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua kutwa. Baiskeli imelala sebuleni kama mgeni.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda mjini nikanunua helmeti, ya buluu, ya saizi ya mtoto, yenye mkanda wa kufunga chini ya kidevu. Nilipompa Judy aliitazama kama nimemletea dawa ya minyoo.

"Anti, hii ni ya nini?"

"Ni ya kuendeshea baiskeli. Huivai, hupandi. Sheria ni hiyo moja tu."

Akaivaa. Hakufika kona. Kadenge, mtoto wa jirani, alimwona, akaita wenzake: "Njooni mwone fundi wa mjengo!" Wakamzunguka wakiimba, "Fundi, leta simiti! Fundi, leta kokoto!" Judy akarudi ndani analia, akaitupa helmeti chini ya kiti.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Watoto thelathini wa watu hunitii nikiinua kidole. Huyu mmoja wa nyumbani amenishinda.

Ijumaa, 11 Aprili

Jana nilimkuta anateremka mteremko wa mtaani bila helmeti, nywele zinapepea. Leo nimenunua mnyororo na kufuli, nikaifunga baiskeli kwenye nondo za dirisha. Amelia mpaka sauti ikakauka. Mama Kadenge, mama wa yule mtoto, alichungulia juu ya ukuta. "Mwalimu, kwema?"

"Kwema, dada. Ni hasira za mtoto."

"Haya." Lakini hakuondoka upesi.

Absalom amerudi, akatazama mnyororo, akatikisa kichwa. Baadaye nikamsikia bafuni anaongea na Carolyne kwa simu. Alifungulia maji nisisikie. Nikasikia.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Tumetoka kanisani tukamkuta wifi Carolyne ameshafika, amekaa kibarazani na mkoba wake magotini. Sikupewa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Wifi, nasikia baiskeli imetiwa jela."

"Imefungwa, wifi. Akivaa helmeti nafungua."

"Mtoto anavalishwa kama mwendawazimu, watoto wenziwe wanamcheka, wewe unaona ni malezi?"

"Afadhali achekwe."

Akamvuta Judy mapajani, miguu ya mtoto ikagusa chini. "Unajua, Kafedha, mtoto wako mwenyewe usingemfanyia hivi. Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Absalom alikuwa pale pale, anamenya chungwa. Alilimenya kwa uangalifu, ganda lisikatike. Nilimngoja. Alipomaliza akampa Judy nusu, akampa dadake nusu.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Nimepika mihogo ya nazi.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nataka kuandika jambo zuri. Mvua ilikatika asubuhi. Judy akanijia jikoni na helmeti mkononi, akasimama tu. Nikaelewa, nikafuta mikono, nikachukua ufunguo. Hakuna watoto waliokuwa nje. Akasema, "Anti, nishike kiti, usiniachie mpaka niseme."

Nikakimbia nyuma yake na leso kiunoni, matope mpaka magotini. "Usiniachie!" "Sijakuachia!" "Anti, usiniachie!" Kwenye bomba la maji akateleza, akaanguka ubavu, helmeti ikagonga ukingo wa saruji. Nikamkimbilia. Yeye akainuka, akaupapasa mkwaruzo kwenye helmeti, akanitazama, akacheka. "Sikusikia kitu, anti! Sikusikia hata kidogo!"

Kadenge alipotokea na kuanza wimbo wake, Judy akamjibu, "Wewe kichwa chako kigumu, huhitaji." Nilicheka mpaka nikaketi kwenye jiwe.

Jumamosi, 19 Aprili, asubuhi

Naenda Kaloleni kumwona mama, mguu umemvimba tena. Nitarudi kesho tule Pasaka pamoja. Ufunguo wa kufuli nimemwachia Absalom, na nimemwambia mara mbili kwamba helmeti iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Akasema, "Nimesikia, mwalimu."

Jumatatu, 21 Aprili

Niko hospitalini, kwenye benchi la nje ya wodi. Nitaandika kama yalivyotokea.

Juzi Jumamosi alasiri nilikuwa ninamkanda mama mguu kwa maji ya moto. Simu ikalia. Hakuwa Absalom, alikuwa Mama Kadenge.

"Mwalimu, njoo. Mtoto ameanguka na baiskeli."

"Ameumia wapi?"

Nikamsikia anapumua. "Njoo tu, dada."

Nilifika magharibi imeshaingia. Absalom alikuwa ameketi sakafuni kwenye korido, mgongo ukutani, shati lake limeganda damu kifuani alipombeba. Aliponiona hakuinuka. Alinishika miguu, mwanamume mzima, akaniambia yote bila kuulizwa. Ninayaandika kwa maneno yake.

"Alikuwa ameivaa, Kafedha. Wallahi alikuwa ameivaa, aliitoa msumarini mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwambia avue. Jua lilikuwa limetoka zuri, nikataka kumpiga picha nimtumie Carolyne. Nikamwambia, vua hiyo, nikuone uso. Akasema, anti amekataa. Nikamwambia, anti hayupo. Akavua akanipa, nikaining'iniza kwenye kiwiko. Nikampiga picha. Halafu nikasema, haya, teremka nikuone. Akateremka. Gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo, lile lililojaa maji, huwezi kujua kina chake. Akaruka juu ya usukani. Kichwa kikapiga ukingo wa mtaro." Akajishika kiwiko. "Nilikuwa nimeishika mimi, Kafedha. Mimi nilikuwa nayo hapa."

Nikakaa sakafuni kando yake. Watu walikuwa wanaturuka kama maji yaliyomwagika. Nikamshika kichwa nikakiegemeza begani kwangu. Naliandika hili nisije nikajisahau siku za mbele: jioni ile nilimhurumia yeye kuliko mtoto. Mtoto sikuwa nimemwona bado.

Kisha nikamwona. Wamemnyoa. Uso umevimba upande mmoja hata ningepishana naye njiani nisingemjua. Daktari ni kijana, macho mekundu kwa kukesha. Akatueleza kwamba damu imekusanyika ndani ya fuvu upande wa kushoto, inabana ubongo, lazima itolewe. Akauliza, kama wanavyouliza, "Alikuwa na helmeti?"

Absalom akainamisha kichwa. Mimi nikajibu, "Hakuwa nayo."

Daktari akaandika. Hakutulaumu. Afadhali angetulaumu.

Wamempasua jana, siku ya Pasaka. Kutoka kanisa la jirani tulisikia wakiimba kufufuka. Yuko hai. Zaidi ya hapo hawasemi.

Jumanne, 22 Aprili

Hajaamka.

Jumatano, 23 Aprili

Hajaamka. Mvua inavuja kwenye korido, wameweka ndoo.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemwimbia nyimbo za chekechea, zile anazoziona za kitoto. Nilidhani ataudhika aamke.

Jumamosi, 26 Aprili

Amefumbua macho! Alinitazama mimi kwanza kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa upande ule. Akafungua mdomo, ikatoka sauti kama ya mtu aliye chini ya maji. Mkono wa kulia hauinuki. Mguu wa kulia unaburuta blanketi tu. Daktari anasema upande wa kushoto wa ubongo ndio unaotawala kulia, na usemi pia uko huko. "Ni mtoto, ubongo wa mtoto hujifunza upya. Lakini itakuwa kazi, mama. Kazi ya kila siku."

Absalom amelia, akatoka nje kumpigia dadake.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Mwalimu mkuu amenikubalia nifundishe mpaka saa nne, kisha nije hospitali. Watoto wananiuliza kwa nini nanuka dawa.

Jumatano, 30 Aprili

Wazee wa kanisa wamekuja wodini na chupa za chai. Mmoja akauliza ilikuwaje. Absalom akasema, "Aliivua mwenyewe. Unajua watoto."

Nikamtazama. Akatazama chupa ya chai.

Nilijiambia ni aibu tu, na aibu nayo ni jeraha. Nikamwacha. Nilimmiminia mzee chai.

Alhamisi, 8 Mei

Tumerudi nyumbani. Absalom amembeba kutoka garini, majirani wakapiga vigelegele. Judy akaogopa zile kelele, akajikojolea. Nilimfunika leso upesi kabla hawajaona.

Jumapili, 11 Mei

Nyumba imejaa wageni. Carolyne ameketi pale ninapoketi mimi siku zote, amevaa leso ya msiba, ingawa hapana aliyekufa. Kila anayeingia anamsimulia upya.

"Laiti mwenye nyumba angekuwepo! Lakini si alikwenda kwao kutembea. Siku kuu kama ile, mtu anaacha mtoto. Na baiskeli akaiacha wazi."

Nikasimama na sinia mlangoni. "Sikuiacha wazi, wifi. Nilimwachia baba mtu ufunguo. Na helmeti."

"Helmeti iko wapi hapo? Nani aliiona?"

"Muulize ndugu yako."

Wote wakamgeukia Absalom. Alikuwa amemshika Judy ule mkono mlegevu, anamkunjua vidole kimoja kimoja kama tulivyofundishwa. Angeweza kusema sentensi moja. Akasema, "Jamani, tusianze lawama. Mungu amemnusuru mtoto, tushukuru."

"Amina," wakasema.

Na hapo ikawa ni mimi. Niliiona ikifanyika usoni mwao, mmoja baada ya mwingine. Mama Kadenge alikuwepo. Siku ile yeye aliona yote kutoka ukutani kwake, alishaniambia. Tulipokuwa tunaosha vikombe akaninong'oneza, "Mwalimu, ningesema, lakini mambo ya mtu na mkewe..." Akasugua kikombe ambacho kilikuwa safi tayari.

Jumatano, 14 Mei

Leo Absalom alikuwa na zamu ya mchana, hajaondoka. Nikarudi kutoka shuleni mapema, nikamkuta uani anaanua nguo kabla ya mvua.

"Absalom, Judy amelala, tuko wawili tu. Niambie. Nani alimvua mtoto helmeti?"

"Kafedha, tafadhali."

"Nataka kusikia tu."

Akakunja shati, akalikunja tena. "Mimi."

"Basi mbona watu wote wanajua ni mimi?"

"Sikusema ni wewe."

"Ulinyamaza."

Akaketi juu ya karai lililofudikizwa. "Sikia. Wewe wakikulaumu, watasema wee, watachoka. Lakini Judy akijua ni mimi babake niliyemfanya hivi, atakuwa na nani? Hana mwingine."

"Hana mwingine," nikarudia.

"Unajua ninavyomaanisha."

"Najua vizuri sana."

Mvua ikaanza, matone makubwa ya masika. Akakimbilia ndani na nguo. Mimi nikabaki uani nikilowa, nikifikiri juu ya ile jioni ya korido nilipomwegemeza begani. Nilidhani analia kwa ajili ya mtoto.

Jumamosi, 17 Mei

Carolyne amekuja na teksi. Wameamua, yeye na kakake, Judy akakae Kiembeni "kwa damu yake mpaka apone." Mimi niliarifiwa nguo za mtoto zikiwa zimeshatiwa begi. Nikamweleza Carolyne mazoezi: asubuhi mkono, adhuhuri mguu, jioni maneno. Asimlishe, amwache ajilishe hata akimwaga. Akaniambia, "Wifi, mimi nimelea mtoto huyu kabla hujamjua."

Ni kweli. Nikatia dawa kwenye mfuko wa pembeni.

Jumapili, 18 Mei

Nimeosha nyumba yote.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Absalom anasema tumepata nafasi ya kupumzika. Amelala mchana kutwa, uso umemlainika kama mtu aliyelipa deni.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeuliza kwa simu kama Judy amefanya mazoezi. Carolyne amesema, "Ndiyo, ndiyo." Nyuma yake nimesikia kitu kinavunjika.

Jumatatu, 26 Mei

Nimerudi kutoka shuleni, nikamkuta Carolyne kibarazani, peke yake na Judy na begi. Hakumngoja hata kakake atoke kazini. Judy amevalishwa nepi ya mtoto mdogo. Mkono wa kulia umekunjamana kifuani, nao nilikuwa nimeshaufungua mpaka unashika kijiko.

"Wifi, mimi nimeshindwa," akasema. "Analia usiku, ananitupia uji, anauma. Huyu siye Judy niliyemlea mimi. Wewe ni mwalimu, una subira ya watoto."

Nikamwingiza Judy ndani, nikamlaza, nikarudi.

"Carolyne, unajua nani alimvua helmeti?"

Nilitegemea abishe. Alitazama barabarani. "Najua." Akatoa simu mkobani, akaitafuta ile picha, akanipa. "Alinitumia siku ile ile."

Judy yuko juu ya baiskeli, nywele zimenata jasho kwenye paji la uso, anacheka mpaka macho yamepotea. Mbele yake, ardhini, kuna kivuli cha mtu aliyeinua mikono kupiga picha, na kwenye kiwiko cha kile kivuli pananing'inia kitu cha duara.

"Kwa hiyo ulijua siku zote. Uliponisema mbele ya watu, ulijua."

"Nilijua, Kafedha. Lakini yule ni kaka yangu. Ungekuwa wewe, na ni ndugu yako, ungefanyaje?"

"Ningesema."

Sijui kama ni kweli. Lakini nilitaka alisikie jibu hilo kutoka kwangu. Akarudisha simu mkobani, akaaga vizuri, akasema nimsalimie mama kule Kaloleni.

Jumatano, 28 Mei

Tumeanza tena kutoka mwanzo. Vidole.

Jumatatu, 2 Juni

Ameshika kijiko. Amemwaga nusu ya uji, nusu ameila. Amesema "maji" na "acha" na "sitaki." "Sitaki" inatoka vizuri kuliko zote.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Mchungaji amemwita Absalom mbele atoe ushuhuda. Amevaa suti ya harusi yetu. Amesimulia usiku wa hospitali, sala, mkono wa Bwana. "Kama baba sikubanduka," akasema. "Hata pale wengine walipozembea, mimi sikuuachia mkono wa Mungu." Kanisa zima likainuka likapiga makofi. Kuna mama wa mbele aligeuka akanitazama, akarudisha shingo.

Nami ningeinuka. Nilishaweka mkono kwenye benchi la mbele nijivute. Hapo Judy akanivuta shati kwa ule mkono mzima: choo. Nikatoka naye nje, yeye akichechemea, tukipita katikati ya makofi. Wengine walidhani tunatoka kwa kuguswa na ushuhuda.

Jumanne, 10 Juni

Mvua zimeanza kupungua. Sizungumzi na Absalom ila mambo ya chakula na dawa. Haoni tofauti, au anaona na inamfaa.

Nimejiuliza leo kwa nini siondoki. Nguo zangu zingeenea kwenye begi moja, na kwetu Kaloleni hawangeniuliza swali. Kisha ikafika saa ya mazoezi ya mguu.

Jumatatu, 16 Juni

Amevuka sebule bila kushika ukuta. Hapana mtu aliyeona ila mimi.

Jumapili, 22 Juni

Tulikuwa tunakula chakula cha mchana, wali na maharagwe, sisi watatu. Judy akaweka kijiko chini. Maneno yake hutoka moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na huwezi kumharakisha.

"Anti. Kwa nini. Wewe. Ulinivua. Helmeti?"

Hakumbuki kitu cha siku ile. Daktari alishatuambia kwamba hatakumbuka kamwe. Alichonacho ni kile alichotiwa masikioni Kiembeni, na hapa kibarazani, na kanisani.

Absalom akaacha kutafuna.

"Sikuwepo, Judy," nikasema. "Nilikwenda kumwona mama yangu, mgonjwa. Wewe ulibaki na baba."

Akamgeukia babake. Shingo yake bado inageuka polepole. "Baba?"

Nikasema, "Absalom, mwambie. Nakuomba. Hatakuchukia. Mtoto husamehe asichokisamehe mtu mzima. Mwambie tu."

Alimtazama mwanawe. Nadhani alikuwa karibu, midomo ilishaanza kufunguka. Kisha akasema, "Hayo yamepita, mama. Kula, chakula kinapoa." Akachukua simu yake mezani, akasema anaitwa, akatoka nje. Simu haikuwa imelia.

Nikamwambia mimi. Sikumficha na sikutia chumvi: alitaka kukupiga picha, alitaka kuuona uso wako, hakujua kama kuna shimo, anakupenda. Nilisema hata hilo la mwisho.

Judy alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua ule mkono wa kulia, ule niliomkunjua kidole kwa kidole tangu Aprili, akanipiga nao kifuani. Ulikuwa na nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Mwongo," akasema.

Jumanne, 24 Juni

Asubuhi imekuwa kavu, jua kali, barabara imeanza kutoa vumbi. Absalom ametoka kwenda kazini alfajiri. Jana hatukusemezana, wala Judy hakunisemesha, lakini leo ni siku yake ya kliniki, basi nikamvalisha viatu, akaniachia nimvalishe.

Daktari wa mazoezi alikuwa mpya, dada mchangamfu, hajapata kutuona. Akamtembeza Judy kwenye mstari, akamrushia mpira, akampa vifungo afunge. Akafurahi. "Huyu ana mtu anayemshughulikia nyumbani," akasema. Akachutama mbele yake, akanionyesha kwa kidole. "Haya, Judy, niambie. Huyu ni mama?"

Judy akanitazama. Nikaona anajiandaa, kama anavyojiandaa kabla ya ngazi. Na sauti ikatoka nzima, bila kukwama, bila kituo, kama alivyokuwa akisema zamani:

"Huyu si mama yangu. Mama yangu alikufa."

Daktari akaruka juu. "Umesikia? Umesikia? Sentensi mbili kamili! Hajakwama hata mara moja!" Akaanza kupiga makofi, akawaita wenzake chumba cha pili waje wasikie, nao wakaja wakapiga makofi.

Nami nikapiga.